Pezi la Nyongeza

Land Rover ilikohoa mara mbili, ikanyamaza katikati ya maji.

"Usizime, Lekishon!" Twahir alipiga kelele.

"Nani kazima? Imejizima yenyewe."

Zamda, aliyebanwa kati ya wanaume hao wawili kwenye kiti cha mbele, aliinua miguu. Maji ya rangi ya chai ya maziwa yalikuwa yakiingia kwa chini ya mlango, na yalikuwa ya baridi. Asubuhi palikuwa na barabara hapa. Ilikuwa barabara mbaya, ya mashimo na mawe, lakini walipita juu yake wakitokea Arusha huku dereva akiimba. Sasa bonde lote lilikuwa limejaa, na huko juu mlima Meru haukuonekana kwa mvua.

Ulikuwa mwezi wa pili, mwaka tisini na nane, mwaka wa El Nino. Madaraja yalikuwa yamekatika nchi nzima na watu wenye akili zao walitulia majumbani. Hawa watatu walikuwa wametoka Momela kununua pezi la kuogelea.

Lekishon alizungusha ufunguo. Gari likatoa mlio wa kikohozi cha mzee, basi. Kisha wakasikia mngurumo mwingine, na huo haukuwa wa radi kwa sababu haukukoma. Lekishon alikuwa Mwarusha wa Kisongo aliyekulia kwenye makorongo. Aliuachia ufunguo palepale.

"Korongo limeshuka," alisema. "Juu! Pandeni juu!"

Walitokea madirishani. Zamda alikuwa amepakata kiroba cha mapezi tangu Momela, na hakukiachia. Alikirusha juu ya turubai, naye akafuata. Lekishon alipanda na dumu lake la maji. Twahir, mwenye mwili wa mtu anayeshinda amekaa kwenye kigoda akiuza viatu, alikuwa nusu ndani nusu nje wakati maji yalipofika.

Yalikuja yamebeba magogo, matete na mbuzi aliyekufa. Land Rover iligeuka ubavu, ikaburutwa nje ya barabara. Mlango ukasukumwa wazi na maji, ukajifunga kwenye mguu wa Twahir, ukafunguka tena. Gari lilipogonga kichuguu likasita kidogo tu, kama pumzi tatu hivi, na katika pumzi hizo tatu Lekishon akamshika Twahir kwapani, Zamda akamshika mkanda, wote wakajitupa kwenye udongo. Gari likateleza likaenda zake. Lilielea hatua chache, likainamisha pua, likazama kwenye shimo la moramu lililoachwa na watengeneza barabara. Cha mwisho kuonekana kilikuwa kioo cha pembeni.

"Ngai wangu," Lekishon alisema taratibu. "Gari la shemeji yangu."

Tuseme ukweli: kosa la kwanza la siku ile halikuwa la mvua.

Zamda alikuwa na miaka ishirini na miwili na alifanya kazi ya kuangalia bwawa la kuogelea kwenye hoteli moja mjini. Aligawa taulo, aliokota majani, na wageni wakiondoka alijaza kifua pumzi, akazama, akakaa chini. Dakika tatu. Dakika tatu na nusu. Siku moja mgeni aliacha gazeti lenye picha ya mwanamke anayeshuka kwenye bahari ya bluu bila mtungi wa hewa, miguu yake yote miwili imevishwa pezi moja pana kama mkia wa nyangumi. Zamda aliikata picha ile akaibandika ukutani kwao Levolosi, juu ya kitanda, na mama yake aliigeuza kila walipokuja wageni wa heshima.

Enzi ya ruksa ilikuwa imepita, lakini milango iliyoifungua ilibaki wazi. Madukani ulipata televisheni za rangi, baiskeli za Kichina, na nguo zilizokwisha valiwa na nusu ya dunia. Twahir, kaka yake, aliishi kwa viatu vya mitumba pembeni ya Soko Kuu, na kwa miezi minane alifungua kila belo la mzigo mpya akitafuta mkia wa samaki kwa ajili ya mdogo wake. Hakuupata. Alipata buti za theluji.

Kisha akatokea mzee Romanus, Mchaga wa Kibosho, fundi wa kupima kina cha maziwa na mito, aliyekuja hotelini kwenye semina. Alimwona Zamda chini ya bwawa, akasimama ukingoni na saa mkononi mpaka alipoibuka. Akamwambia kwamba alisoma uhandisi wa maji Kiev miaka mitano, na baridi ya huko ilimsukuma kwenye chama cha waogeleaji wa mapezi. Mapezi mawili alirudi nayo. Yalikuwa nyumbani kwake Momela, na kwa kuwa magoti yake yalikwisha kustaafu kabla yake, angempa mojawapo kwa bei ya kawaida tu.

Asubuhi ile aliyapanga yote mawili juu ya meza barazani.

La kwanza lilikuwa la faiba, bluu, linang'aa, gumu kama ubao wa mlango. Viatu vyake vya mpira, vilivyounganishwa pamoja, vilikuwa namba arobaini na moja. La pili lilikuwa la plastiki ya kijivu, limechakaa pembeni, laini kiasi cha kukunjika kwa mkono mmoja. Namba thelathini na nane, namba ya Zamda.

"Pezi la kwanza liwe laini," mzee Romanus alisema. "Gumu linamtaka mtu aliyekwisha jua kupiga maji kwa kiuno. Mwanafunzi hupiga kwa magoti, na gumu litamchosha kabla hajafika popote. Halafu kiatu kibane bila kuumiza. Mguu ukicheza ndani, umekwisha."

Maneno mazuri, na hayakuingia popote. Twahir alikuwa tayari amepiga goti. Alimvisha dada yake lile la kijivu, akaingiza kidole gumba nyuma ya kisigino kama alivyofanya kila siku ya Mungu, na gumba halikupita.

"Linambana, mzee. Mwakani itakuwaje?"

"Mwakani? Ana miaka ishirini na miwili. Unadhani bado anaota miguu?"

"Mpira husinyaa," Twahir alijibu, kwa uhakika wa mtu asiyejua lolote. "Kubwa tutatia soksi."

Miaka kumi na mmoja alikuwa amewaambia akina mama wa Arusha maneno hayohayo: chukua kubwa, mtoto anakua. Nusu ya watoto wa mjini walikwenda shule na pamba kwenye ncha za viatu kwa ushauri wake. Alimvisha lile la bluu, gumba likapita bila shida, akapiga makofi mara moja. "Limekukaa!" Hilo ndilo neno alilofungia biashara.

Zamda angeweza kukataa. Alisikia miguu ikiogelea humo ndani. Lakini bluu ile ilikuwa ni bluu ya picha ya ukutani, na macho yake yaliishia hapo. Wakalipa. Na kwa kuwa hakuna mtu wa Soko Kuu anayeondoka mikono mitupu baada ya kulipa, maana hata ukinunua fungu la nyanya huongezewa moja juu, Twahir akanyoosha kiganja.

"Na nyongeza, mzee?"

Mzee Romanus alicheka mpaka akavua miwani. Akalitupia lile la kijivu kwenye kiroba. "Chukueni. Ningelala vizuri zaidi kama mngenunua hili, nikawapa lile kama nyongeza."

Sasa kiroba kilikuwa juu ya kichuguu, na kichuguu kilikuwa kikipungua.

Palikuwa na nafasi ya chumba kidogo cha kupanga, na mgunga mmoja mwembamba umeota katikati. Zamda alimlaza Twahir kwenye shina. Mguu wa kushoto ulikuwa umechanika kutoka chini ya goti mpaka karibu na kifundo, na damu ilikuwa ikitoka bila haraka, mfululizo. Alivua mtandio, akaufunga kwa nguvu zote.

"Unaweza kuchezesha vidole?"

Vidole vikacheza. "Mfupa mzima," Twahir alisema kwa meno yaliyofungwa. "Kiatu ndicho kimekufa."

Lekishon alichomeka kijiti ukingoni mwa maji. Kabla hawajamaliza kugawana mafunda machache ya maji ya dumu, kijiti kilikuwa kimezama. Akachomeka kingine juu zaidi.

"Yanapanda unene wa kidole kila nikigeuka," alisema. "Tuna saa moja. Labda moja na nusu."

Twahir alichota maji ya pembeni kwa kiganja, akaonja, akatema. Ziwa la magadi lilikuwa limefurika na kuchanganyika na mafuriko, na ladha yake ilikuwa ya sabuni. Walikuwa katikati ya maji mengi kuliko wakati wowote maishani, na ya kunywa yalikuwa ni yale ya dumu.

Upande wa mashariki, kama hatua arobaini hivi, ardhi ilipanda na migunga mikubwa ilisimama pakavu. Katikati mkondo ulipita kwa kasi, ukizungusha matawi. Nyuma yao, upande wa shimo la moramu, maji yalijizungusha polepole, mazito. Hakuna mtu ambaye angekuja. Mzee Romanus aliamini wamekwisha fika Usa River. Mama yao Levolosi aliamini wamelala Momela. Na kati ya watatu hao, aliyejua kuogelea alikuwa mmoja. Lekishon hakuwahi kuingia maji yanayopita magoti. Twahir, mjukuu wa wavuvi wa Pangani, aliogopa hata beseni.

"Tungekuwa na kamba," Zamda alisema. "Ningeivusha, nikaifunga kwenye mgunga ule, mkaja mmeishika."

Lekishon alimtazama, kisha akatazama mahali ambapo maji yalikuwa yakitoa rangi rangi za mafuta juu yake, nyekundu, kijani, zambarau.

"Kamba ipo," alisema. "Ya manila, ya kufungia mahindi. Imefungwa nyuma, kwenye bomba la turubai."

Wote wakaligeukia shimo la moramu. Moyo wa Zamda ulianza kudunda, na si kwa hofu peke yake. Tusimsingizie: alikuwa anaogopa, ndiyo, lakini ndani ya hofu ile kulikuwa na kitu kingine kilichoamka na kunyoosha mwili. Maisha yake yote alikuwa amezama kwenye mabwawa ya futi tisa yenye vigae. Hapa palikuwa na kitu cha kufuata chini.

Alijaribu kwanza bila pezi. Mara mbili mzunguko wa shimo ulimsukuma pembeni kabla hajashuka urefu wake mwenyewe.

"Vaa la bluu," Twahir alisema. Akavua soksi zake zote mbili, mbichi, zenye matope, akazisokomeza kwenye viatu vya mpira nyuma ya visigino vya dada yake. Gumba lake halikupita tena. "Sasa limekukaa."

Zamda alitoa kirobani miwani yake ya kuogelea, akaivaa, akavuta pumzi, akaingia.

Bapa la pezi lilishika maji kama mlango unaoshikwa na upepo. Alipiga mara moja, na mapaja yakawaka moto. Alipiga ya pili, kwa magoti, kama mzee alivyosema angepiga, na mguu wa kulia ukachomoka. Pezi likabaki limening'inia kwenye mguu mmoja, mkondo ukalikamata, likamgeuza kichwa chini miguu juu. Maji ya magadi yakamwingia puani, kooni. Hakujua juu ni wapi. Alichojua ni kwamba kitu alichokichagua kwa macho kilikuwa kinampeleka, na kilikuwa na nguvu kuliko yeye. Akakunja goti, akasukuma kwa kisigino. Mguu wa kushoto nao ukatoka.

Lekishon alimkamata nywele, akamvuta juu ya udongo. Alitapika, akakohoa, akatapika tena. Mbali kidogo pezi la bluu liliibuka mara moja, likang'aa, likaenda na mkondo kuelekea ziwani pamoja na soksi za Twahir.

Twahir alilitazama mpaka lilipopotea. Uso wake ulikuwa wa jivu, na haukuwa mguu uliomfanya hivyo.

"Zamda," alisema. "Nilikuwa nakuua."

"Kaka, nipe lile jingine."

"Mimi ndiye niliyekwambia…"

"Na mimi nikalitaka. Nipe lile jingine, maji yanapanda."

Twahir akalitoa kirobani. Alimvisha akiwa amekaa, mguu wake wenye jeraha umenyooshwa pembeni. Mpira ulikataa, ukakubali, ukanyonya miguu ya dada yake mpaka mwisho. Safari hii hakuingiza gumba popote.

"Linabana?"

"Linabana."

"Linauma?"

"Haliumi."

Lekishon alichomoa sime yake kiunoni akampa mpini. "Usihangaike na fundo. Kata. Na ukirudi nayo sime yangu nitafurahi, ilikuwa ya baba."

Pumzi moja ndefu. Ya pili. Ya tatu aliijaza mpaka mabegani, akaifunga.

Ah, pezi lile! Lilikuwa laini na lilimsikiliza. Alipiga kiuno, na bapa likajikunja, likajifyatua, likamsukuma chini. Akapiga tena, akapita mahali ambapo mzunguko ulikuwa umemkataa mara mbili. Mwanga ukawa kahawia, ukawa mweusi, ukaisha. Masikio yakabana, akameza mate, yakafunguka. Alinyoosha mikono mbele, na kiganja kikagusa chuma.

Alipapasa. Kioo. Bawaba. Bomba. Turubai lilimpapasa usoni naye akashtuka, akapoteza pumzi kidogo, akajikemea. Kamba ilikuwa palepale alipoambiwa, fungu nene lililolowa, gumu kama mfupa. Akaweka sime, akakata. Kifua kilianza kuomba. Alikijua kifua chake, walikuwa wamezoeana: kinaomba mapema, kwa kelele, na bado kina nusu ya akiba. Nyuzi zikaachia moja, nyingine, zote. Akapitisha mkono ndani ya fungu, akaweka miguu kwenye bodi la Land Rover ya shemeji, akajifyatua.

Aliibuka hatua nne tu kutoka kichuguuni, na sauti iliyomtoka haikuwa ya kuomba msaada. Alikuwa anacheka.

"Ninayo!" alipiga kelele. "Ninayo, ninayo! Na sime hii hapa!"

Lekishon aliruka juu kwa furaha, akakumbuka alipo, akashika mti.

Hapakuwa na muda wa sherehe. Kijiti cha nne kilikuwa kimezama na maji yalikuwa yanalamba visigino vya Twahir. Lekishon alifunga ncha moja kwenye shina la mgunga, chini kabisa. Ncha ya pili Zamda aliizungusha kiunoni.

"Sikilizeni. Kaka, wewe ndiye utakayeilegeza. Nikienda, wewe achia taratibu. Nikifika nitavuta mara tatu. Lakini usivute. Chochote utakachoona, usivute."

"Nikiona umezama?"

"Nikizama ni kwa sababu nimetaka kuzama. Usivute."

Twahir alikuwa amemvuta dada yake mkono tangu alipojifunza kutembea. Alimvuta barabarani, alimvuta foleni ya hospitali, juzi juzi tu alimvuta kutoka mbele ya pikipiki. Alishika kamba ile kwa mikono miwili. "Bismillahi," alisema. "Nenda."

Aliingia juu ya mkondo, akaacha maji yampeleke huku pezi likimsukuma kukata upande. Theluthi moja. Nusu. Mabega yalikuwa yakiuma na kamba ilikuwa nzito, lakini migunga ilikuwa inakuja. Ndipo Lekishon akapiga kelele nyuma yake, sauti nyembamba isiyokuwa yake.

"Kiboko! Dada, kiboko! Shuka!"

Zamda aligeuza kichwa. Huko juu ya mkondo, hatua thelathini, kichwa kipana cha rangi ya zambarau kilikuwa kimeibuka. Masikio mawili madogo yakatikisika, yakakung'uta maji. Mafuriko yalikuwa yamemtoa ziwani mwake na hakuwa na furaha. Alipuliza, akafungua kinywa, akafunga. Akaanza kuja.

Zamda alivuta pumzi aliyoipata, haikuwa kamili, akashuka.

Chini palikuwa na nyasi, malisho ya jana yaliyolala kwa mkondo. Akashika mafungu mawili, akajibana tumbo kwenye ardhi, pezi limelala gorofa juu ya nyasi. Kisha akaacha kila kitu, kama alivyojifunza kwenye bwawa la hoteli. Aliacha taya. Aliacha mabega. Alihesabu taulo: taulo moja, taulo mbili, za chumba namba kumi, za chumba namba kumi na moja.

Ardhi ilitikisika. Kiboko haogelei, hutembea chini, na huyu alikuwa anatembea. Maji yalimsukuma ubavuni, mara moja, kwa uzito wa kitu kikubwa kilichopita karibu sana. Matope yakamfunika mgongo. Hakufungua macho. Kamba kiunoni mwake ilikaza kidogo, na hapo ndipo alipoogopa kuliko wakati wowote wa siku ile. Usivute, kaka. Kaka yangu, niamini mara moja tu. Usivute.

Kamba ikalegea.

Taulo hamsini. Taulo tisini. Kifua kiliomba, kikaomba, kikaanza kupiga mateke. Mia na kumi. Mtikisiko ulikuwa umekwenda chini ya mkondo, mbali, mbali zaidi. Aliachia nyasi, lakini hakuibuka. Alipiga kiuno palepale chini kwa chini, pigo moja, mawili, manne, kuelekea ilipokuwa migunga, mpaka mkono wake ulipoingia kwenye mizizi.

Kutoka kichuguuni hawakumwona Zamda kwa dakika mbili na zaidi. Kisha kamba ikavutwa mara tatu.

Lekishon alivuka wa kwanza, amefunga shuka lake kwenye dumu tupu lililofungwa kifuniko, amekumbatia dumu kwa mkono mmoja na kamba kwa mwingine, akiimba kwa sauti ya juu kabisa ili asisikie maji. Zamda alilirudisha dumu kwa Twahir, akaja naye bega kwa bega, akimshika kola ya shati. Walipofika katikati Twahir alifumba macho, na alisema baadaye kwamba alikuwa anahesabu jozi za viatu. Wote wawili walipopanda kwenye tope la ng'ambo, kichuguu kilikuwa kimebakia mti tu.

Walilala chali. Mvua iliwapiga usoni nao wakafungua vinywa, wakainywa.

"Ulikaza," Zamda alisema baadaye. "Nilisikia kamba inakaza."

"Nilitaka kuvuta. Wallahi nilitaka. Yule mnyama alipita juu yako kabisa."

"Mbona hukuvuta?"

Twahir alijifuta uso, na hayakuwa maji ya mvua tu. "Si ulisema nisivute."

Walimbeba kwa zamu, mwendo wa saa mbili kupitia kilimani, na kabla giza halijaingia walisimama mbele ya baraza ya mzee Romanus, watatu wa rangi moja ya tope. "Yesu na Maria!" mzee alisema, akaangusha birika. Hakuuliza mengi mpaka alipokwisha safisha jeraha, akalishona kwa uzi uliochemshwa, na chai ya tangawizi ilikuwa tumboni mwa kila mtu. Kisha alichuchumaa mbele ya Zamda, akatazama alama nyekundu zilizoachwa na mpira kuzunguka miguu yake.

"Lilibana?" aliuliza.

"Lilibana, mzee."

"Likaumiza?"

"Hapana."

Mzee Romanus alitikisa kichwa kwa kuridhika. "Na lile la bluu?"

"Liko ziwani," Twahir alijibu kutoka kitandani. "Na soksi zangu."

Wiki tatu baadaye mvua ilipumzika siku mbili mfululizo. Twahir alikuwa amerudi kwenye kigoda chake, mguu umenyooshwa juu ya boksi, na mama mmoja wa Levolosi alikuwa amemleta binti yake kununua viatu vya shule. Mama alijua utaratibu. Alichagua jozi kubwa, akaanza kutafuta pamba kwenye pochi.

"Hapana, mama," Twahir alisema. Alimvisha mtoto jozi ndogo, akamtazama usoni badala ya kisigino. "Vinabana, mwanangu?"

"Kidogo."

"Vinauma?"

"Haviumi."

"Basi hivi."

"Twahir, umeugua?" mama aliuliza. "Si wewe uliyeniuzia vya kaka yake, mpaka leo anatembea kama bata? Mwakani je?"

"Mwakani njoo, nitakupunguzia. Huyu anatembea leo."

Wauzaji wa jirani walicheka mpaka wakashikana. Zamda alicheka kuliko wote, amesimama kando na kiroba begani. Kisha Twahir akafanya jambo ambalo halikuwahi kuonekana siku ya Jumamosi pale sokoni: alifunika viatu kwa turubai saa nne asubuhi, akachukua fimbo, akamfuata dada yake kwenda Duluti.

Ziwa lilikuwa kijani, limetulia ndani ya kuta zake za msitu. Lekishon aliwasukuma kwa mtumbwi wa kuazima mpaka katikati, amevaa dumu tupu mgongoni kwa usalama wake. Twahir alimvisha dada yake pezi la kijivu, akampa ncha ya kamba, akabaki na nyingine mkononi, imelegea. Hakukuwa na gari la kutafuta huko chini, wala mtu wa kuokoa. Zamda alijaza pumzi mpaka mabegani, akamkonyeza kaka yake, akashuka kwa sababu alitaka kushuka.